Silaha Inakuwa Kubwa, Adui Anakuwa Mdogo

Wiki hii siongelei mgao wala vibali. Naongelea filamu. Lakini naomba msome mpaka mwisho, maana hii filamu inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Hoja yangu ni hii. Maadui wa Star Wars walianza vizuri, wakafika mahali pazuri sana, halafu wakaharibiwa. Kila awamu mpya inaleta silaha kubwa zaidi na adui mdogo zaidi. Na adui ambaye hatuambiwi katokea wapi, anataka nini na nani anamfanyia kazi, huyo anatuzoesha kutouliza maswali. Kwa vijana waliokimbia vita, kutouliza maswali ni hasara kubwa.

Kwa wale ambao hawaijui: Star Wars ni mfululizo wa filamu za Marekani ulioanzishwa na George Lucas mwaka 1977. Mambo yanatokea kwenye sayari nyingi. Kuna vyombo vya angani, kuna mashujaa wanaoitwa Jedi wenye panga za mwanga, na kuna Dola inayotawala kila kona kwa mabavu. Filamu kuu ni 9: tatu za 1977 hadi 1983, tatu za 1999 hadi 2005, na tatu za 2015 hadi 2019. Ongeza na tamthilia za baadaye. Wengi wetu tumeziona kwenye kibanda umiza au kwa kurushiana kwenye simu, tena bila mpangilio, ya tano kabla ya ya kwanza. Mimi nimezirudia zote, na nyingine nimezirudia mpaka naaibika kuhesabu.

Kibandani mambo ni rahisi: kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi. Adui anakufa mwishoni, tena kifo kibaya, watu wanapiga kelele, wanachukua ndala zao wanatoka. Hakuna anayeuliza adui alikuwa anataka nini. Kwa filamu ya ngumi ya saa moja na nusu, sina shida na hilo. Ila Star Wars ilituonjesha kitu kizuri zaidi, ndiyo maana ninalalamika.

Walivyoanza

Kwenye filamu ya 1977 kila mtu anamkumbuka Darth Vader. Ana haki ya kukumbukwa: lile vazi jeusi, ile pumzi, ile sauti nzito ya James Earl Jones. Lakini mi aliyenitisha ni mwingine. Ni Tarkin, mzee mwembamba mwenye sare, aliyeigizwa na Peter Cushing. Hana upanga wa mwanga wala uwezo wowote wa ajabu. Tunamkuta mkutanoni. Anawaambia wenzake kwamba Seneti imevunjwa, kwamba kuanzia sasa magavana watatawala maeneo yao moja kwa moja, na kwamba hofu ya silaha yao mpya, Death Star, itawanyamazisha wote. Anaongea kama mtu anayesoma ajenda.

Halafu anamwambia binti mfalme Leia ataje kambi ya waasi iko wapi, la sivyo sayari yake ya nyumbani, Alderaan, itateketezwa. Leia anataja mahali. Tarkin anaiteketeza Alderaan vilevile, kwa sababu sayari aliyoitaja Leia iko mbali mno kuwa mfano kwa wengine. Umeona? Ni ukatili wenye hesabu. Yeyote aliyewahi kuona kijiji kimoja kikichomwa ili kijiji cha pili kitii, anamwelewa Tarkin bila kufundishwa.

Na Vader mwenyewe, mwaka 1980 tunagundua kwamba ni baba wa Luke, yule kijana anayepigana naye. Mwaka 1983 anamrusha Mfalme wake, Palpatine, kwenye shimo refu ili kumwokoa mwanawe. Kumbe ndani ya lile vazi kulikuwa na mtu, na mtu anaweza kuamua, hata akichelewa.

Zikaja filamu za 1999, 2002 na 2005. Najua mashabiki wengi walizicheka. Mazungumzo mengine ni magumu kama mkate wa juzi, na yule Jar Jar Binks aliwachosha watu. Sibishi. Ila kwa upande wa adui, hizo ndizo filamu bora kuliko zote. Zinaonyesha Palpatine alivyopanda ngazi. Anaanza kama seneta wa Naboo. Wafanyabiashara wanaizingira Naboo kwa sababu ya ugomvi wa kodi za njia za biashara, watu wake wanateseka, na kumbe ni yeye aliyepanga kwa siri. Anatumia mateso ya kwao kupata huruma. Anamshawishi malkia wake aombe kura ya kutokuwa na imani na kiongozi wa Seneti, halafu anachukua kiti yeye. Mwaka 2002, vita vinakaribia, anapewa mamlaka ya dharura, ya muda tu, hadi hali itulie. Anayetoa pendekezo hilo ni Jar Jar, mtu mwenye nia njema kabisa. Mwaka 2005 anatangaza Dola mbele ya maseneta, na maseneta wanampigia makofi.

Yaani hakuvunja dirisha. Aliingia mlangoni, akafunguliwa, akakaribishwa kiti. Lucas mwenyewe amewahi kusema hadharani kwamba alipobuni hadithi hii alikuwa anafikiria vita vya Vietnam na Rais Nixon wa nchi yake. Alikuwa anauliza swali la kweli: watu huru wanampaje mtu mmoja kila kitu kwa mikono yao wenyewe? Sisi tuliotoka nchi ambako maneno kama "ya muda" na "ya mpito" yalidumu miaka na miaka, tunalijua hilo swali vizuri.

Walivyoharibika

Mwaka 2012 kampuni ya Disney ilinunua Lucasfilm kwa zaidi ya dola bilioni 4. Mwaka 2015 ikatoka The Force Awakens ya J.J. Abrams. Inatuonyesha adui mpya anayeitwa First Order. Ni akina nani? Tunaambiwa wameinuka kutoka kwenye majivu ya Dola ya zamani. Basi. Nani anawalipa? Meli zote hizo zimetengenezwa wapi? Sayari zipi zinawaunga mkono, na kwa nini? Filamu haina muda na maswali hayo.

Ila ina muda wa silaha. Death Star ilikuwa kubwa kama mwezi. Safari hii sayari nzima imegeuzwa kuwa bunduki, na kwa mpigo mmoja inateketeza sayari kadhaa pamoja na makao makuu ya Jamhuri. Ni maafa makubwa mara nyingi kuliko Alderaan. Lakini Alderaan tulikuwa na Leia, tuliona uso wake. Tulikuwa na mzee Obi-Wan, ambaye akiwa mbali kabisa alihisi watu wale wakifa, akalazimika kukaa chini. Safari hii hakuna mtu tunayemjua anayetoka huko. Watu wanatazama juu, mwanga unapita, hadithi inaendelea. Filamu inayofuata haina msiba.

Mwaka 2019 wakaongeza tena: msururu mrefu wa meli, na kila moja inaweza kuangamiza sayari. Sayari ya Kijimi inalipuliwa ili tu tujue silaha inafanya kazi. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaacha kuhisi kitu. Ukimwambia mtu idadi kubwa kila siku bila jina hata moja, anazoea. Hili ninyi mnaoandika ripoti mnalijua, na sisi tunaoandikwa kwenye ripoti tunalijua zaidi.

Njoo kwa maadui wenyewe. Snoke, mkuu wa First Order, mwaka 2015 tunamwona kama picha kubwa ya mwanga iliyokaa kwenye kiti. Mwaka 2017, kwenye The Last Jedi ya Rian Johnson, anakatwa vipande viwili na mwanafunzi wake kabla hatujajua lolote juu yake. Wengi walikasirika. Mimi niliona ni uamuzi wa kishujaa, kwa sababu ulimwacha Kylo Ren akiwa adui mkuu: kijana, mtoto wa Leia na Han Solo, mwenye wazazi waliompenda, aliyemuua baba yake kwa mkono wake. Hakuna tena mzee wa kumlaumu nyuma yake. Nikasema, sasa tutazungumza. Sasa tutajua kijana wa familia nzuri anaishiaje huko.

Miaka miwili baadaye, The Rise of Skywalker ikaufunga huo mlango. Palpatine karudi! Yule aliyerushwa shimoni mwaka 1983. Kapona vipi? Rubani Poe anawaambia wenzake tu kwamba kwa namna fulani amerudi, na maelezo yanaishia hapo hapo. Snoke naye kumbe alitengenezwa na Palpatine kwenye matangi. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kazi ya yule yule mzee. Na hili ndilo linalonichekesha na kuniuma kwa pamoja: tangazo la Palpatine kwa ulimwengu mzima, ambalo filamu inaanza kwa kutuambia kwamba limesikika, halimo kwenye filamu. Lilirushwa ndani ya mchezo wa Fortnite siku chache kabla. Yaani ili umsikie adui akitangaza vita, ulitakiwa uwe mchezaji mwenye intaneti ya nguvu. Sisi wa bando la MB 500 tungelisikia wapi?

Na Jenerali Hux je? Mwaka 2015 ndiye anayehutubia majeshi na kuamuru zile sayari ziteketezwe. Mwaka 2017 kageuzwa kichekesho. Mwaka 2019 anakuwa msaliti kwa sababu tu hampendi Kylo Ren, kisha anapigwa risasi na jenerali mwenzake. Mtu aliyeua mamilioni yasiyohesabika, na filamu inatutaka tumcheke.

Finn, filamu tuliyonyimwa

Hapa ndipo panaponiuma kuliko pote.

Mwanzoni kabisa mwa filamu ya 2015 kuna askari mmoja katika wale wenye kofia nyeupe za kufunika uso. Hana jina, ana namba: FN-2187. Alichukuliwa akiwa mtoto kutoka kwa familia ambayo hataijua kamwe, akalelewa kwa ajili ya vita. Kikosi chake kinavamia kijiji kwenye sayari ya Jakku. Wanakijiji wanakusanywa, amri inatolewa wapigwe risasi. Wenzake wanafyatua. Yeye hafyatui.

Ameigizwa na John Boyega, kijana wa London ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Lakini sisemi habari ya sura tu. Sisi tuliotoka Kivu na Ituri, ndugu zetu wa Sudan Kusini, majirani wa kaskazini mwa Uganda, tunajua mtoto aliyechukuliwa ni nani. Tunajua kuna kaka ya mtu, mwanafunzi mwenzetu wa darasa la nne. Nilipoona mwanzo ule nilisema: hatimaye. Filamu itakayoonwa dunia nzima, na steringi wake ni mtoto aliyechukuliwa, akakataa.

Halafu Finn anatoroka pamoja na Poe. Poe anauliza jina lake, anapewa namba, anakataa kumwita kwa namba. Anampa jina: Finn. Ni jambo zuri mno. Mtu anarudishiwa utu wake kwa neno moja.

Lakini angalia kinachotokea katika utoro huo huo. Finn anashika bunduki ya chombo na kuwafyatulia waliokuwa wenzake jana, na wote wawili wanashangilia. Wale waliopigwa ni akina nani? Ni watoto waliochukuliwa, kama yeye. Kila kofia nyeupe inayoanguka katika filamu zile tatu huenda ina Finn ndani yake ambaye hajapewa jina. Na hakuna anayesimama kuuliza. Finn mwenyewe haulizi.

Mwaka 2019 wanakutana na Jannah, msichana anayesimulia kwamba kikosi chao chote kiliamriwa kuwapiga raia risasi, wote wakaweka silaha chini, wakakimbia. Kikosi kizima, bwana! Hiyo peke yake ni filamu. Wanapewa mazungumzo ya dakika chache, kisha wanapanda wanyama wao kwenda vitani kuua wengine waliochukuliwa kama wao. Na Phasma, kamanda aliyewalea kwa amri na adhabu, mwanamke wa vazi la chuma linalong'aa, anaanguka motoni bila sisi kujua alikuwa nani wala alikuwa anaamini nini.

Adui aliyetendewa ubaya kisha akautenda: huyo ndiye adui mgumu kuliko wote. Kambini tunaishi naye. Kuna anayerudi, watu wananong'ona kwenye foleni ya maji, mama yake anatembea kichwa chini. Hatuna lugha ya kumzungumzia. Star Wars ilikuwa na lugha hiyo mkononi, ikaiweka chini ili ifuate mlipuko mwingine.

"Lakini ni starehe tu"

Najua mtaniambia: kaka, filamu ni starehe. Mateso ya kweli tunayo ya kutosha, usituletee mengine kwenye skrini. Nawaelewa. Baada ya siku ya foleni na jua, unataka adui afe, ukalale. Sina neno.

Ila haya maelezo ya adui hayaondoi utamu. Ushahidi ni tamthilia ya Andor, iliyosimamiwa na Tony Gilroy, vipindi 24, msimu mmoja mwaka 2022 na mwingine 2025. Ni kampuni ile ile, ulimwengu ule ule wa Star Wars. Jedi hawamo. Palpatine hatumwoni. Na inatisha kuliko zote.

Adui wake ni Dedra Meero, ofisa wa usalama. Anafika kazini mapema, anasoma mafaili vizuri, wenzake wanaume wanamwonea wivu. Unajikuta unataka apandishwe cheo. Anapandishwa. Halafu unaona kazi yenyewe ni nini, pale anapoamuru dada mmoja anayeitwa Bix ateswe. Mwisho wake, mfumo ule ule aliouhudumia unamfunga. Mwingine ni Syril Karn, anaishi na mama yake, anatamani tu mtu amwone kuwa ana maana. Dola inamtumia kwa tamaa hiyo hiyo ndogo.

Kwenye sayari ya Ghorman tunaonyeshwa hatua zote. Chini ya ardhi kuna madini yanayohitajika kutengeneza Death Star, na kuyachimba kunaweza kuiharibu sayari. Kwa hiyo watu wanakaa mezani na kupanga. Kwanza wenyeji wachukiwe: habari zieleze kila siku kwamba Waghorman ni watu wa kiburi. Kisha wachokozwe, wapatikane waasi wa kufanya kosa litakalotumika kama sababu. Kisha wapigwe risasi uwanjani, na habari ziseme walianza wenyewe. Sisi tunaotoka kwenye ardhi yenye koltani na dhahabu hatukuhitaji mkalimani.

Kuna na Mina-Rau, sayari ya mashamba, ambako Bix na wenzake wanafanya kazi bila makaratasi. Siku wakaguzi wanapokuja, kijiji kinaanza kunong'ona. Ofisa mmoja anagundua Bix hana kibali na anataka kumlipisha kwa mwili wake. Huyo ofisa hana silaha ya ukubwa wa mwezi. Ana orodha na ana cheo. Dada zangu mnaosoma hapa, sina la kuongeza. Na Cassian, steringi mwenyewe, anatoka sayari ya Kenari lakini makaratasi yake yanasema Fest, kwa sababu mama aliyemlea aliona ndivyo atakavyokuwa salama. Ni nani kati yetu hajawahi kuambiwa: wakikuuliza kizuizini, sema unatoka mahali fulani?

Kwa hiyo wasituambie haiwezekani. Wanaweza. Wamefanya. Shida ni kwamba Andor iko kwenye huduma ya kulipia kila mwezi, na kinachofika kibandani kirahisi ni milipuko.

Kwa nini tujali

Sababu ya kwanza ni hadithi zetu wenyewe. Vikundi vyetu vinaigiza, vinatengeneza filamu fupi kwa simu, na ninajivunia hilo. Lakini mwangalie adui tunayemweka. Miwani myeusi, kicheko kirefu, na mara nyingi lafudhi ya "wale watu". Tunampa lafudhi, hatumpi sababu. Mtazamaji akikosa sababu anaitafuta mwenyewe, na iliyo karibu kuliko zote ni kabila. Kwa nini aliua? Ah, ndivyo walivyo. Wazo la kwamba kuna watu waliozaliwa maadui ndilo lililotukimbiza makwetu. Hapa tunachota maji bomba moja, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasudani Kusini. Neno moja la bombani linaweza kuwasha moto. Tusilifundishe kwa jukwaa letu wenyewe.

Sababu ya pili ni swali kubwa la kizazi chetu: vita vinarudi kwa nini? Kwenye hadithi ya Star Wars, Palpatine anaanguka, watu wanacheza na kuimba, na baada ya miaka kama 30 First Order wapo. Ilitakiwa hapo ndipo waanzie! Maofisa wa Dola walijificha wapi? Nani hakushtakiwa? Sayari gani zilijiona zimesahaulika na amani? Nani alikuwa anauza silaha? Kwa kweli filamu ya 2017 iligusa hili mara moja, kwenye mji wa kamari wa Canto Bight, ambako matajiri wanauza meli za kivita kwa pande zote mbili. Inagusa, inaondoka, hairudi tena. Sisi tumeona wakubwa wakiondoka na vita vikabaki, kwa sababu walioandika orodha bado wako ofisini na waliosimamia vizuizi bado wana bunduki. Jibu la kwamba ubaya umerudi "kwa namna fulani" ni jibu ambalo mkimbizi hawezi kulikubali, maana akilikubali hana cha kuzuia kesho.

Kumwelewa adui si kumsamehe, tusichanganye. Tarkin namwelewa vizuri kabisa, na bado ni muuaji. Lakini ukijua anavyofanya kazi unajua pa kumzuia: kwenye ile kura, kwenye ile habari ya uongo, kwa yule askari anayesitasita.

Na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, neno kwa heshima. Michezo ya uhamasishaji mnayotuletea nayo ina Snoke wake. Baba anayemwoza binti mdogo huwa mlevi, mkali, anayeanguka anguka. Watu wanacheka sana. Lakini baba halisi aliyekaa mstari wa tatu, ambaye mgao umepungua na deni dukani limekua, hajioni pale. Anacheka pamoja na wengine, anarudi nyumbani, na mipango inaendelea. Mpeni adui sababu ili mwenye nayo ajitambue.

Napendekeza kila kikundi kikiandika igizo, kabla ya kugawa nafasi, kijibu maswali matatu. Adui anataka nini? Nani anamsaidia, na huyo anapata nini? Na la tatu, ambalo nimelipata kwa Finn: ni siku gani adui angeweza kukataa? Mkishindwa kujibu, msipande jukwaani bado.

Mimi Star Wars siiachi, mnanijua. Ukipata bando au rafiki mwenye flashi, anza na Andor. Ukikosa, itafute ile ya 1977, na safari hii mwache Vader apite, mwangalie Tarkin akiwa mkutanoni. Halafu niambieni: ni adui gani wa filamu aliyewahi kukufanya uulize swali kuhusu nyumbani?